Ushauri wakuu: Ford Model T ya 1924 inatetemeka na kugonga, nifanyeje itulie?

Mwana Tengeru: Habari za jioni wakuu. Nina Ford T ya 1924, silinda 4, injini ya cc 2,900. Inawaka ila inatetemeka mpaka taa za mbele zinacheza, na ikipanda kamlima inagonga balaa. Nataka mtu akikaa nyuma aweze kuongea. Sailensa nimebadili, plagi mpya, hadi pampu ya oili nimesafisha, bado. Msaada tafadhali nimechoka

Kichwa Ngumu: Uza hilo chuma ununue kiwanja. Presha zingine tunazitafuta wenyewe

Mama Faraja: Umenikumbusha lori la Bedford la marehemu babu, likipanda mlima Kitonga utingo anakimbia nyuma na kabari mkononi 😂 na tulikuwa tunafika

Msomi Mtata: Henry Royce, yule wa Rolls-Royce, alinunua gari la Kifaransa la mtumba, Decauville, hakuridhika nayo, 1904 akaunda ya kwake. Rolls-Royce Silver Ghost iliyofuata, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ilishikwa na beringi 7. T ina 3 na kranki yenyewe nyembamba. Usitegemee miujiza

Fundi Mzee: Mleta uzi achana na hao. Kale kawenzo ka kushoto kwenye usukani, ndio ka taimingi, kanawahisha au kuchelewesha cheche za plagi. Kako wapi ukiwa unaendesha?

Mwana Tengeru: Chini kabisa, nimekafunga na waya maana kalikuwa kanarudi juu

Fundi Mzee: Na hendeli ya kuwashia anapiga nani kakiwa hivyo hivyo???

Mwana Tengeru: Kuna dogo. Juzi hendeli ilimrudi akateguka mkono, sikusema maana nilijua mtanishambulia. Ila wakuu kakiwa juu gari haina nguvu, na mwenye gari anaitaka Jumamosi ya harusi, advansi nimeshakula. Kuna jamaa ana injini ya 5K ya Toyota anasema inaingia, nimempa kianzio

Mama Faraja: Kumbe gari si lako! Na mtoto wa watu umempeleka hospitali?

Mwana Tengeru: Amefungwa bandeji yuko poa

Fundi Mzee: Kata huo waya leo. Moto unapiga pistoni haijafika juu ndio maana inagonga. Kuwasha, wenzo juu kabisa, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, vuta kwenda juu usikandamize chini. Ikishachanganya ndio unashusha kidogo kidogo, ukisikia inagonga unarudisha

Mpelelezi: Subirini kwanza. Model T haina pampu ya oili! Oili inarushwa na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inashuka kwa kibomba kwenda mbele. Kasafisha pampu gani huyu? Hii chai, tena ya rangi. Picha iko wapi

Kichwa Ngumu: 😂😂 naleta vitumbua

Mwana Tengeru: Ni hicho kibomba, mi nakiita pampu. Kamera ya simu imekufa. Uliza chochote

Mpelelezi: Koili za kutengeneza cheche ngapi?

Mwana Tengeru: 4, vijisanduku vya mbao vimepangwa kwenye boksi. Zote zinalia dzzz kasoro ya tatu

Fundi Mzee: Yaani unatembea na silinda tatu halafu unahangaika na sailensa!! Hamisha ya tatu weka ya kwanza. Ukimya ukihama nayo koili ndio mbovu, angalia pointi zake zimeungua. Usipohama fuata waya na taima, ile inayogawa umeme kwa kila koili. Hela ya 5K kachukue

Mwana Tengeru: Keshanunulia matairi

Mpelelezi: Bado nasubiri picha