Kambi za mkonge na maisha ya manamba: tupeane uzoefu

Ngombezi_Juu: Picha ya kambi iliyorushwa juzi imenigusa. Wenye habari za manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, wa Tanga, Kilosa na Lindi, mwageni hapa. Naanza na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, uijaze ndani ya siku 42. Usipomaliza kipimo, karani haweki alama; siku imekufa hata kama umeshinda shambani.

babu_singa: Kabisa. Na mshahara hadi kipande kijae.

Toroli: Kukata ndiko kulikomaliza watu. Unaanza na majani ya chini, unakata karibu na shina, unaondoa mwiba wa ncha, unafunga majani 30 bunda moja. Kipimo cha mabunda 70 ni majani 2,100, na bado uyabebe begani hadi kwenye reli ya toroli. Ukikata hadi majani machanga ya katikati, mmea unadumaa na mnyapara anakuja juu. Maji ya mkonge yanawasha ngozi vibaya, na ile miiba ni hatari kwa macho. Kuchelewa nako hakuna, kwa sababu jani likikauka singa, yaani nyuzi zake, hazitoki vizuri kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata majani. Jasho lote hilo, kilo 100 za majani zinatoa singa kavu kama kilo 4 tu.

Mama_Muheza: Msisahau brashi, mashine ya kusugulia singa kavu. Vumbi lile lilikaa vifuani.

Kilosa73: Raspadori, mashine ya kukwangua majani kwa kulisha kwa mkono, ilikuwa mbaya kuliko yote. Korona inabeba majani kwa minyororo, lakini kwenye raspadori mlishaji anashika jani kwa mkono, analisukuma kwenye ngoma yenye visu butu, analivuta, analigeuza, anasukuma upande wa pili. Singa zikimzunguka kidole, ngoma haingoji. Mkono unakwenda nazo.

babu_singa: Mungu wangu.

Mama_Muheza: Watoto wasome haya shuleni.

Mwenge_K: Tusikuze mambo. Wengi walikwenda kwa hiari, SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa 1944, ikawalipia nauli ya treni na chakula njiani.

Toroli: Hiari gani @Mwenge_K? Kodi inadaiwa kwa fedha, na kwenye vijiji vingi vya Kigoma na Songea fedha ilikuwa haipatikani. Na Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, kulikotoka nyuzi za kamba, mkonge wetu ukatakiwa mno. Serikali ya mkoloni ikakamata watu kwa nguvu.

Mwenge_K: Nazungumzia baada ya vita.

Toroli: Basi soma mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde, 1958. Walikuwa wanadai chama chao cha wafanyakazi.

Mjukuu_Kasulu: Natafuta habari za babu, alichukuliwa na SILABU. Nianzie wapi?

Kilosa73: Nyaraka za Taifa, Dar. Omba mafaili ya idara ya kazi.

babu_singa: Utapoteza nauli, majina ya vibarua ni machache mle. Nenda Korogwe, ulizia wazee waliobaki kambini.

Ngombezi_Juu: Ukienda Korogwe, jua kwanza kabila lake na shamba gani. Kambi nyingi watu waliishi kwa makabila, wazee watakuelekeza safu ya nyumba yenyewe.