Mwanamume anayesomea uuguzi aonyesheje huruma bila kutiliwa shaka?

Mwanafunzi wa uuguzi, Moshi

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wanafunzi wenzangu. Nipo mwaka wa tatu wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Wodini tunakofanyia mafunzo kwa vitendo, sisi wanaume huitwa kila panapohitajika nguvu: kumpandisha mgonjwa kwenye machela, kumshika aliyechanganyikiwa, kusukuma mtungi wa oksijeni. Akihitajika mtu wa kukaa na mgonjwa anayelia, huitwa msichana, hata kama mgonjwa huyo nimemhudumia mimi tangu asubuhi. Wagonjwa huniita dokta, na nikiwaeleza kwamba mimi ni muuguzi, wengine hunipa pole. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nikimshika mgonjwa mkono ili atulie, nahofia kueleweka vibaya. Nikijizuia, naandikiwa kwenye tathmini kwamba sina moyo wa kuhudumia. Mliotangulia mlipitaje hapo?

Muuguzi wa kiume, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Usikubali kuambiwa kwamba umeingilia kazi ya wanawake. Enzi za mkoloni, waliofunga vidonda na kugawa dawa katika zahanati za Tanganyika walikuwa kwa sehemu kubwa wanaume, na wazee wetu waliwaita madresa bila kuona ajabu yoyote. Kwingine mambo yalikwenda tofauti: shule ya Florence Nightingale, Mwingereza anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, iliyofunguliwa London mwaka 1860 ilikuwa ya wanawake, na Royal College of Nursing, chama cha wauguzi cha Uingereza, haikuwapokea wanaume hadi mwaka 1960. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hata leo wanawake ni takribani asilimia 85 ya wauguzi wote duniani, ndiyo maana wagonjwa wanakushangaa.

Kuhusu kugusa, sema kwanza kile unachotaka kufanya, usubiri akubali, ndipo umguse. Halafu elewa kwamba mgonjwa wa kiharusi anayegeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, anayekaushwa vizuri kwenye mikunjo ya ngozi baada ya kuogeshwa, na anayesitiriwa kwa shuka wakati wa kubadilishiwa katheta (mpira wa mkojo), ameonewa huruma kikamilifu, hata kama aliyemhudumia hakusema maneno mengi. Wanaume wengi ninaofanya nao kazi huhudumia hivyo, na msimamizi anayepima huruma kwa ulaini wa sauti hawezi kuiona.

Mkunga na msimamizi wa wanafunzi, Moshi

Mwanangu, hayo ya kaka yako nayakubali, ila kuna jambo hakuligusa. Mama aliye leba akiomba ahudumiwe na mwanamke, aheshimiwe, wala usilichukue kuwa tusi. Lakini mara nyingi mama hata haulizwi. Sisi wasimamizi ndio tunaomtoa mwanafunzi wa kiume kwa kudhani tunamsaidia mama. Hilo ni kosa, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa kijana huyo atahitimu bila uzoefu wa kutosha wa kuzalisha, kisha anaweza kupangiwa zahanati ya kijijini ambako usiku yupo peke yake, na mama atakayefika hapo na uchungu hatakuwa na mwingine wa kumpokea. Omba mama aulizwe ukiwepo, na muuguzi wa kike asimame pamoja nawe.

Kumhamisha mgonjwa nako ni ufundi wa watu kadhaa walioelekezwa vizuri. Wasichana wasipofundishwa kwa sababu wewe upo, wataumia migongo zamu ambayo haupo.

Ndugu wa mgonjwa, Arusha

Baba yangu, mzee wa Kimeru, alipolazwa alikataa kabisa kuogeshwa na mabinti wenye umri wa wajukuu zake. Aliyemsaidia ni mwanafunzi wa kiume, ambaye alimwamkia, akavuta pazia, akamwogesha taratibu huku akimwuliza habari za migomba yake. Mzee alikubali na kula siku hiyo. Tunawahitaji.

Mwanafunzi wa uuguzi, Moshi

Nashukuruni sana. Mama mkunga, je, naweza kumwomba msimamizi anieleze ni kitendo gani hasa kilichomfanya aandike kwamba sina moyo?

Mkunga na msimamizi wa wanafunzi, Moshi

Ndiyo, ni haki yako. Mwombe faraghani, kwa adabu, ukiwa na fomu yenyewe mkononi, na umwombe pia akuangalie tena ukimwogesha mgonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hajaijaza fomu inayofuata.