Tupeane uzoefu: wenye wazee waliokwenda Vita ya Kagera, huko nyumbani wanasemaje?

Ngosha wa Igoma
Wakuu, salaam. Keshokutwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Jana mwenyekiti wa mtaa kaja kumwomba babu avae nishani yake, akae mbele, wanafunzi wamwone shujaa. Mzee kamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu: "Mimi nilitumwa, nikaenda, nikarudi. Shujaa mkamtafute Kaboya." Yaani kule Muleba kwenye makaburi ya askari wa vita ile. Akaingia ndani kuwasha redio. Bibi anasema kila mwaka majibu ni hayo hayo.

Shuleni nimetamba sana na jina la huyu mzee. Sasa ndiyo nagundua sijui alichofanya huko. Kinachonisumbua zaidi, radi ikipiga usiku anaruka kitandani na kulala chini sakafuni. Miaka yote hii! Wenye wazee wa aina hiyo wanasimulia, au wamefunga mdomo kama wangu? Mnaishi nao vipi? Karibuni.

Binti Nansio
Nakazia. Wangu alikuwa na sentensi moja tu, "Tulitembea sana." Basi. Mpaka tunamzika.

Mama Watatu Kirumba
Umenikumbusha mbali sana, ndugu mleta mada. Vita ile nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa hapa Kirumba. Jua likizama hakuna taa, na koroboi ukiiwasha unaifunika kwa sufuria. Uani kulikuwa na handaki, mama anatusukumia humo na mdogo wangu mgongoni. Mwishoni mwa mwezi wa tatu 1979 ndege ya Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, ikaja kuipiga Mwanza, ile Tupolev kubwa. Ikaukosa mji, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama yakaua swala. Watu walicheka wiki nzima, ila tulilala handakini wiki hiyo hiyo.

Nilichotaka kusema ni kuhusu marehemu baba. Yeye hakushika bunduki, alikuwa kuli bandarini Mwanza Kusini. Treni zinaingia zimejaa askari na shehena, wao wanapakia melini usiku na mchana, magari, unga, masanduku ambayo wanaambiwa yashusheni polepole mno. Alirudi nyumbani mabega yamechubuka mpaka shati linagandia. Hakuna nishani ya makuli. Siku ya mashujaa alikuwa anasimama mlangoni anaangalia watu wakipita, halafu anasema, "Na sisi tulikwenda, kwa mgongo."

Jemedari wa Kijiweni
Babu yangu mzaa mama ndiye mwanamume. Novemba 1978 alivuka na MV Bukoba, kufika tu Kyaka akapigwa risasi saba kifuani, zote zikageuka maji kwa sababu alikuwa amechanjwa na mganga wa Sengerema. Peke yake alikamata kifaru. Msibishe, nimeisikia kwa mdomo wake.

Fundi Injini
Chai hiyo, tena ya maziwa. MV Bukoba ni meli ya 1979. Hiyo Novemba babu yako aliipanda wapi, kiwandani? Sema MV Victoria tukuelewe.

Jemedari wa Kijiweni
Wewe fundi wa injini za mitumbwi unanifundisha historia ya ukoo wangu? Meli ni meli.

Fundi Injini
Meli si meli. Waliofiwa MV Bukoba ilipozama Mei 1996 hawawezi kusema hivyo. Heshimu.

Mama Watatu Kirumba
Jamani, msituharibie uzi. Na magari baba alikuwa anayataja sana ya MV Umoja, ile ya kubebea mabehewa. Mkaulizane pembeni.

Dogo Nyegezi
Mimi nitasema msichopenda. Mwalimu alisema nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Sawa. Sababu ilikuwepo mpaka Mutukula, mpaka wetu. Kampala tulifuata nini? Tukamng'oa Amin, Desemba 1980 Obote akarudi, Waganda wakaendelea kufa. Sisi tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, mpaka leo sijaona aliyeufungua.

Binti Nansio
Ulikuwa umezaliwa?

Dogo Nyegezi
Sijazaliwa, ila foleni ya sabuni bibi yangu aliipanga. Hilo nalo ni vita.

Mpiga Debe Mstaafu
Nyoka akiingia ndani ukamfukuza hadi mlangoni, ukarudi kulala? Ila kwenye sabuni uko sahihi, tulioga kwa majani ya mpapai.

Mzee wa Magu
Habari zenu. Natumia simu ya mjukuu wangu, mimi nasema, yeye anachapa. Akikosea mlaumuni yeye.

Nilikuwa mgambo, mkulima wa pamba. Walituchukua mwezi wa kumi na moja, mbegu ndiyo kwanza zinaingia ardhini. Mafunzo yalikuwa mafupi. Tukapakiwa melini Mwanza usiku, taa zimezimwa, tukashukia Kemondo. Meli iliitwa nini sikusoma, maana nilikuwa natapika. Msukuma wa ng'ombe na ziwa wapi na wapi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ushujaa wangu.

Kyaka nimeiona. Daraja limevunjwa, limelala mtoni, tumevuka kwa la muda. Ng'ambo nyumba hazina mabati, hazina milango, mazizi ya ranchi matupu, ng'ombe wote wameswagwa kwenda Uganda. Na maiti za wanakijiji, sitazieleza. Hotuba ya Mwalimu niliisikia redioni nikaipenda, lakini hasira yangu mimi niliipata pale zizini.

Kutoka hapo ni miguu. Watu wanadhani vita ni kupiga risasi. Vita ni kutembea na kuchimba. Unachimba handaki, mikono inapasuka, ukimaliza tu mnaambiwa twendeni. Mutukula, Masaka, huyo bibi wa Nansio mzee wake alisema kweli tupu.

Sasa kijana wa risasi saba, nikusimulie Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979. Sisi Brigedi ya 201, karibu wote mgambo, tuko kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, huku mafunjo na kule mafunjo. Jioni yakaja maroketi, yale yanayofululiza. Hayakutupata sana, mengi yalipita juu. Lakini ule mlio, mtu mwenye akili yake hausimami kuusikiliza. Halafu vifaru vikatokea barabarani. Tulikimbia. Mjukuu alitaka kuandika "tulirudi nyuma", nimemkatalia. Tulikimbia, kila mtu na Mungu wake.

Mimi nikaingia kwenye mafunjo nikazama mpaka kifuani. Kila nikivuta mguu mmoja, wa pili unashuka. Giza limeingia, nasikia watu wanaita mama zao, wengine kwa Kisukuma, wengine kwa Kiha. Hapo akatokea Mkerewe mmoja wa kombania yetu. Mvuvi, mwembamba, kambini tulimcheka kwa sababu gwaride lilimshinda, tukiambiwa kushoto geuka yeye anageuka kulia tunatazamana uso kwa uso. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuelekeza sokoni, "Acha kukanyaga maji. Kanyaga mashina. Lala kifudifudi ujiburute." Akakata mafunjo akanilazia. Aliponitoa akarudi kwa mwingine. Akarudi tena. Sikuhesabu, nilikuwa natetemeka. Usiku kucha bunduki yake iko mgongoni, hakupiga hata risasi moja.

Alfajiri wakubwa wakaanza kutukusanya, wanasema Brigedi ya 208 inazunguka kuwapiga ubavuni, na sisi turudi mbele. Mtu wa siasa atakwambia tulirudi kwa uzalendo. Yule Mkerewe alisimama akajifuta tope akaenda, na mimi sikutaka kubaki mafunjoni bila mtu anayeyajua. Ndivyo nilivyorudi vitani.

Tukawashinda. Tulipopita pale baadaye, Walibya wamelala kando ya barabara, wengi sana. Vijana, wengine viatu vipya kabisa. Kumbe wengi wao walikuwa mgambo kama sisi, waliambiwa wanakuja mazoezini. Nikasimama. Mgambo wa Gaddafi kaja kuuawa na mgambo wa Nyerere kwenye mafunjo ya watu wengine, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mwenzake. Sikuwaonea huruma siku ile, nisidanganye. Nilianza kuwaonea huruma nilipopata mtoto wangu wa kwanza wa kiume.

Mkerewe hakufika Kampala. Homa. Malaria ilimchukua njiani mwezi wa nne, wenzake tunakaribia kuingia mjini. Mtu aliyefia homani nani ampigie mizinga? Wewe kijana wa Igoma, babu yako namwelewa kabla sijamjua. Msimkalishe mbele kwa nguvu.

Binti Nansio
Shikamoo mzee. Sina la kuongeza. Sisi Wakerewe leo tumepata msiba wa miaka mingi iliyopita.

Mpiga Debe Mstaafu
Funga uzi.

Jemedari wa Kijiweni
Mzee heshima kwako, ila brigedi nzima ya JWTZ kukimbia? Hapana. Jeshi letu halijawahi kukimbia.

Mzee wa Magu
Mimi nilikuwepo. Miguu yangu naijua.

Fundi Injini
Jemedari, pumzika. Lukaya inajulikana, siku ya kwanza walitawanyika, ya pili wakashinda. Ukiondoa siku ya kwanza, ya pili inakuwa na maana gani?

Koplo Mstaafu Pasiansi
Namuunga mkono mzee mwenzangu, na mambo ya risasi kugeuka maji yaacheni. Jenerali Musuguri, kamanda wetu, mtu wa Butiama, aliingia KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, enzi za vita ya Hitler na alikuwa hai mpaka 2024, umri umepita miaka mia. Marehemu Mayunga, kamanda mwingine, tulimwita Mti Mkavu. Wale walikuwa na ramani na akili. Hirizi sikuiona kwenye ramani.

Ila na hili lisemwe. Siyo wote walirudi na vidonda vya kuhurumiwa. Wengine walirudi na bunduki. Mnakumbuka mwanzoni mwa miaka ya themanini ng'ombe walivyoibwa kwa mtutu, mpaka vijiji vya Usukumani na Unyamwezini vikaanzisha sungusungu kwa mishale na filimbi? Hao nao walivaa sare zile zile.

Yatima wa Mgambo
Koplo unasema kwa sababu una pensheni. Sisi wa mgambo je? Baba alirudi na koti, kikohozi na barua yenye muhuri. Barua ikaenda ofisi fulani, ikaambiwa iko mezani, halafu meza ikabadilishwa. Mgambo si askari wa kudumu, wakamwambia. Risasi za Amin zilikuwa zinauliza nani wa kudumu?

Koplo Mstaafu Pasiansi
Pensheni yangu ukiiona utanichangia wewe. Ila hoja yako ni ya haki, sina ubishi.

Ngosha wa Igoma
Wabeja sana mzee wa Magu, nimemsomea babu yote. Aliposikia Lukaya akaniambia "soma tena pale." Nikasoma tena. Hajasema kitu, ila redio kaizima mwenyewe. Sasa nisaidieni hili la usiku. Nifanyeje radi ikipiga?

Mama Watatu Kirumba
Usimshike! Muite kwa jina ukiwa mlangoni, tena kwa sauti ya kawaida. Mama alimshika baba usiku akapata kofi la bahati mbaya, na yeye alikuwa kuli tu, sembuse aliyekuwa mstari wa mbele.

Mpiga Debe Mstaafu
Toa bati, weka makuti. Radi haitasikika.

Mchungaji wa Mabatini
Mlete tumwombee. Hiyo ni roho ya vita.

Nesi Asiye Zamu
Maombi sawa, lakini pia mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya akili, na neno hilo lisiwatishe, mzee siyo kichaa. Wengi wanapata nafuu hata wakiwa na umri huo. Na mtazame anakunywa dawa gani nyingine, presha na kisukari huwa zinajificha humo humo. Msimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, mwacheni amalize.

Dogo Nyegezi
Mimi naona mlazimishe kidogo. Mrekodi. Wakiondoka hawa tutabaki na akina Jemedari.

Jemedari wa Kijiweni
Nimekuona.

Koplo Mstaafu Pasiansi
Kurekodi kwa siri ni utovu wa adabu. Mnunulie kitimoto na bia mbili, atasema mwenyewe.

Ngosha wa Igoma
Ni Muislamu, Koplo.

Koplo Mstaafu Pasiansi
Basi sato wa kuchoma na soda. Njia ni ile ile.

Ngosha wa Igoma
Mrejesho. Usiku huu mzee kaniuliza nauli ya kwenda Kaboya ni shilingi ngapi. Hajawahi kwenda hata mara moja. Bibi kashika mdomo. Anasema hataki tarehe 25, anataka siku isiyo na spika. Nani anaijua njia?

Fundi Injini
Panda basi la Bukoba, mtapita daraja jipya la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, mnaingia Muleba. Mwambie kondakta mapema mnashuka Kaboya. Pale ni kambi ya jeshi, kwa hiyo mkifika mjieleze getini kwa utaratibu, msianze kupiga picha. Meli ingekuwa raha kwake, lakini muulize kwanza kama yeye naye alitapika.

Mzee wa Magu
Muulize na mimi kama ana nafasi ya mtu mmoja. Nauli ninayo.