Tupeane uzoefu: Mshahara upo, kadi ya bima ipo, lakini mgonjwa akiingia nyumbani mnatikisika. Nyie mnajipangaje?

Mwalimu wa Kihonda

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wetu sisi ambao kwenye vikao vya ukoo tunaitwa "wenye nafasi". Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, mume wangu alikuwa kampuni binafsi Dar. Kwa macho ya watu tuna uwezo: gari la mkopo lipo, nyumba imefika kwenye linta. Ada za watoto nimeshazizoea. Kinachonikosesha usingizi ni matibabu.

Kwenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, nakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Kadi inanibeba mimi, mwenza wangu na wategemezi wanne. Sasa hesabuni na mimi. Tuna watoto wanne. Mama yangu ana sukari na presha. Wakwe zangu wote wawili wapo, Mungu awape umri. Kampuni ya baba watoto iliwakatia bima watoto, wazazi haikuwataka. Tukagawana: watoto kwake, wazazi watatu kwangu, nafasi ya nne nikampa kifungua mimba kwa sababu ana pumu. Mambo yakaenda mpaka 2023 mkataba wa mume ulipokwisha usiongezwe, na bima ikaondoka nao.

Mwaka huo huo, usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ulikuwa umeshasimamishwa tangu Machi, watu tukaambiwa tupitie shuleni. Shule ya wanangu haikuwa na habari hiyo. Kwa hiyo wazazi wana kadi, watoto watatu hawana, na mama mkwe kila nikimtazama naona haya kuwaza ninachowaza.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Sitaki nadharia, nataka mlivyofanya.

Mtoto wa Kibaha

Pole mwalimu. Mimi nipo benki, na ndugu zangu wanadhani hela za pale ni zetu.

Baba alipata shida ya figo. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara laki na kitu, weka na usafiri na chakula chake maalumu. Hakuwa na bima. Tuko watano kwetu, wenye kipato cha kueleweka wawili. Kwanza tukaunda kundi la WhatsApp, tukalipa jina zuri, kila mtu akaahidi. Miezi ya mwanzo watu walituma. Baadaye simu zikaanza kupokelewa na mke, mara "nipo kwenye kikao", mara mtu anatoka kundini usiku wa manane bila kuaga.

Nilichojifunza kuhusu jamii yetu ni hiki. Harusi ina kadi, imeandikwa single kiasi gani na double kiasi gani, na mtu anakopa ili achangie. Msiba ndiyo usiseme, turubai linafungwa kabla maiti haijatoka mochwari. Ila mgonjwa wa muda mrefu hana siku ya kilele. Huwezi kuwaandikia watu kadi ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mpaka Mungu atakapoamua.

Tukauza kiwanja. Hicho ndicho ningejengea. Sijutii, mzee aliishi na akamwona mjukuu wake akianza shule. Nasema tu ili ambao bado hamjafika huko mjue: maradhi ya namna hii hayalipwi kwa mchango, yanalipwa kwa mali. Kama wazazi wako hai na hawana bima, anzeni nao leo wakiwa wazima. Makampuni binafsi ukimpeleka mzee wa miaka 70 mwenye presha, ama watakukatalia ama watakutajia bei ambayo utamwomba dada wa mapokezi arudie.

Chizi Maarifa

Hilo la kutoka kundini usiku wa manane nimecheka peke yangu kwenye daladala. Kwetu aliyetoka ndiye aliyekuwa mweka hazina.

Nesi wa Zamu

Nipo hospitali ya serikali, mkoa siutaji. Niwape upande wa dirishani.

Sera ya msamaha ipo: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, pamoja na magonjwa kama kifua kikuu. Lisome vizuri lile neno "wasio na uwezo". Mzee akifika ustawi wa jamii anaulizwa ana watoto wangapi na wanafanya kazi gani. Akijibu kwa fahari kwamba mmoja mwalimu na mwingine yupo benki, umeshaelewa. Afisa ustawi hana roho mbaya, ana foleni ya watu ambao kweli hawana kitu.

Ndiyo maana nawahurumia sana watu wa katikati. Maskini kabisa ana fomu ya kujaziwa. Tajiri ana hela. Wa katikati anatoka nje anakwenda kusimama karibu na ukuta anapiga simu. Nikimwona mtu amevaa vizuri, ana kitambulisho cha kazi shingoni, anazunguka na simu pale nje, najua anatafuta laki tatu.

Mwalimu, huyo mtoto wako wa mwisho kama hajafika miaka mitano, kituo cha serikali hatakiwi kulipia kumwona daktari. Dawa zikikosekana dirishani ndiyo utaelekezwa duka la nje, hilo nisikudanganye.

Mama Wawili Tabata

Mimi kadi ninayo, ya mume. Ila nataka kusema kuwa na kadi si sawa na kutibiwa.

Machi mosi 2024 NHIF walipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zikasimamisha huduma kwa wenye kadi kwa madai kwamba bei mpya zinawaumiza. Mwanangu alikuwa ana homa inayopanda na kushuka. Nafika mapokezi pale ninapotibiwa miaka yote, naambiwa "dada, bima hatupokei, labda keshi". Nilikuwa na hela ya nauli na ya mkate. Nikachukua Songesha, mkopo wa kwenye simu, papo hapo, nikalipa kumwona daktari na vipimo, dawa nikanunua jioni baada ya shoga yangu kunitumia.

Suala lile liliisha na kadi zikarudi kupokelewa. Lakini tangu hapo nina akiba kwenye simu ambayo mume wangu haijui. Baba Junior ukisoma hapa, utanisamehe, na hainunui rimu za gari.

Jirani wa Nakuru

Habari zenu majirani. Huku Kenya kuanzia Oktoba 2024 tumehamishwa kutoka NHIF yetu kwenda SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Zamani mwenye mshahara wa kuanzia shilingi 100,000 alikuwa anakatwa 1,700 na basi. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na hakuna mwisho wa juu. Mimi nalipwa 120,000, kwa hiyo nakatwa 3,300. Weka na ile asilimia 1.5 ya nyumba, weka PAYE ya kodi, weka NSSF ya pensheni. Ukiangalia payslip unaona jina lako tu ndilo halijakatwa.

Kulipa sipingi, kama babangu angekuwa ndani. Mzee ni mkulima, anahesabiwa peke yake, na SHA ilipoanza asiye na mshahara alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Nani atalipa? Mimi. Kwa hivyo nalipa yangu kwa mwezi na ya mzee kwa mwaka, na bado kuna mamangu mkubwa aliyenilea. Kisha Ijumaa naletewa paybill ya harambee ya mwenzangu kazini aliyelazwa, na huyo mwenzangu anapata mshahara kunishinda.

Duka la Kona Iringa

Mnaoongelea makato ya mshahara mna raha, sisi wafanyabiashara hakuna wa kutuongezea hata asilimia moja.

Mimi nina CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, mwaka 2024 ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Watu wanaibeza kwa sababu ni ya bei ndogo. Kwa mafua, malaria, mtoto kujikata, kujifungua kwa kawaida, imenisaidia sana. Inaanzia zahanati, unapanda kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo au hospitali binafsi, haikujui. Kwa hiyo wanawake tisa tuna kikoba, na kwenye ile hela ya jamii tukaandika kanuni: ya mgonjwa wa kulazwa inatoka siku hiyo hiyo, haisubiri kikao. Tulibishana sana juu ya nani anahesabiwa mgonjwa wako. Tukakubaliana mume, watoto na wazazi wa kuzaa. Mawifi hawamo. Kuna mmoja alinuna.

Kitu kimoja kaeni nacho mbali: mikopo ya riba kali, ile ya kausha damu. Jirani yangu alikopa kwa ajili ya upasuaji wa mama yake. Mama amepona kabisa, anapika, anacheka. Friji, sofa na televisheni vyote vimebebwa.

Mswahili wa Muscat

Mimi ndiyo bima ya watu kumi na kitu hapo nyumbani Tanga, na huku Oman nauza duka la mtu. Simu ikilia alfajiri kutoka Tanzania najua si salamu. Nimewaambia siku hizi: nitumieni picha ya bili, natuma hospitali moja kwa moja kwa control number, ile namba ya malipo. Wengine walikasirika, wagonjwa wakapungua.

Mfamasia Msela

Mwalimu, wazazi watatu wa dawa za kila siku, sikia hapa. Ukiandikiwa dawa ya presha au sukari mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, sio la kampuni. Amlodipini ni amlodipini, metformini ni metformini. Ya boksi la kuvutia kutoka Ulaya inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya ile ya kawaida iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na kazi ni ile ile. Nauza zote, faida kubwa naipata kwenye hiyo ya boksi zuri, ila mwalimu ni mwalimu.

Ninachokiona sana mwisho wa mwezi ni wateja kununua vidonge kumi badala ya thelathini, halafu mzee anameza siku moja na kuruka mbili. Mnaona mmeokoa, mpaka apate kiharusi. Bora ununue ya bei ndogo iliyotimia.

Babu Mkaguzi

Nimesoma kimya, sasa niwasemee hao wazee mnaowapigia hesabu.

Mimi nina miaka 68. Kuna jino lilinisumbua mwezi mzima sikulisema, maana najua mwanangu akisikia tu atakwenda kukopa. Wazazi wenu mkiwauliza "unaendeleaje" wakajibu "salama tu", msiamini haraka hivyo.

Mwalimu, swali: huyo baba mkwe wako alikuwa anafanya kazi gani?

Mwalimu wa Kihonda

Shikamoo babu. Alikuwa bwana shamba wa halmashauri, amestaafu 2016.

Babu Mkaguzi

Marahaba. Basi huyo alikuwa anachangia NHIF mwenyewe mpaka anastaafu. Mtumishi mstaafu anaendelea na kadi yeye na mwenza wake, bila kuchangia tena. Mimi na bibi yenu ndiyo tunayotumia. Kwa nini anakaa kwenye kadi ya mkwewe?

Mwalimu wa Kihonda

Babu! Kadi yake ilikwisha muda kipindi kile anahamia kijijini, mume wangu akasema tusimsumbue mzee na safari za mjini, tumweke kwangu.

Babu Mkaguzi

Msumbueni. Mchukueni na barua yake ya kustaafu, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, mwende ofisi ya mkoa waangalie michango yake. Cheti cha ndoa kitawatesa, wazee wengi hatuna, anzeni na hicho.

Mwalimu wa Kihonda

Nimeshampigia mama mkwe. Cheti kipo, cha kanisani, amekitunza kwenye sanduku la vitenge. Barua ya kustaafu mzee anasema anayo "sehemu".

Wakikubaliwa, nafasi mbili zinarudi, wanaingia wa pili na wa tatu. Wa mwisho ana miaka mitatu, huyo nina miaka miwili ya kujipanga.