Aliyeunda hii taa mpya ya baiskeli ya lumeni 1000 amewahi kuendesha usiku kweli?

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna hii taa mpya ya mbele inayosifiwa kila kona: mwili wa alumini, sumaku badala ya kibano, kitufe kimoja, programu ya simu, lumeni 1000. Jina la kampuni siliweki, maana karibu taa zote zinazotoka sasa zinafuata mkumbo huohuo. Boksi linasema ni taa ya wanaokwenda kazini kila siku. Nimeitumia kwa kazi hiyohiyo, asubuhi kabla hakujakucha na jioni giza likishaingia, na nasema wazi kwamba haifai.

Nianze na hizo lumeni, kwa sababu ndizo zinazouza. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Haikwambii mwanga huo unatua wapi. Mimi sihitaji kumulika matawi ya miti, nahitaji kuona shimo, mchanga na tuta kabla tairi halijafika. Kipimo cha hilo ni luksi, yaani mwanga unaofika pale chini barabarani, pamoja na umbo la mwanga wenyewe. Sasa hii taa ina lenzi ya duara ya tochi. Sehemu kubwa ya mwanga inapanda juu na kuishia machoni mwa anayekuja mbele yako. Ukiiinamisha ili usimuumize mtu, unapata duara jeupe kali mita chache mbele ya gurudumu, na baada ya hapo giza tupu, maana macho yameshazoea ule weupe. Ukiiinua, unaona mbali, lakini dereva anayekuja haoni kitu. Na huyo asiyeona ndiye anayekukaribia akiwa na gari la zaidi ya tani moja!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo na ni ya siku nyingi. Taa za gari zikiwa chini zina mstari wa mkato: chini ya mstari barabara inang'aa, juu yake mwanga ni hafifu. Baiskeli nazo zinaweza. Ujerumani, sheria yao ya vyombo vya barabarani, StVZO kifungu cha 67, inataka taa ya mbele ya baiskeli ielekezwe isichome macho ya wengine, na inakataza taa ya mbele ya kuwaka na kuzima. Kwa hiyo taa zinazotengenezwa kwa soko lile zina kioo cha ndani kinachoutupa mwanga chini na mbele. Dainamo ya kawaida ya kwenye kitovu cha gurudumu inatoa volti 6 na wati 3 tu, na katika hizo taa ya mbele inakula wati 2.4. Watu wanasafiri nazo usiku kucha na barabara wanaiona. Wati 2.4! Basi mtu asije hapa kunieleza kwamba mwanga wa kutosha lazima uwe wa kupofusha.

Halafu tuje kwenye hilo tangazo la kwamba taa inadumu saa 30. Soma maandishi madogo: saa 30 ni kwenye hali ya kuwaka na kuzima. Nani anaona njia ya giza kwa taa inayozima kila mara? Hali hiyo inasaidia uonekane mjini penye taa za barabarani, basi. Tufanye hesabu wenyewe. Ndani kuna betri moja ya 18650, ile ya duara ya kuchaji, yenye ujazo wa mAh 3000, yaani Ah 3. Volti 3.6 mara Ah 3 ni wati-saa 10.8. Tuseme LED yake inatoa lumeni 100 kwa kila wati, basi lumeni 1000 zinakula wati 10. Ni saa moja na dakika chache, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye saketi. Hata hiyo saa huipati, kwa sababu ule mwili mdogo wa taa unapata moto na taa inajipunguza yenyewe ili isiungue, hasa ukisimama kwenye foleni na upepo wa kuipoza haupo. Kwa maana hiyo namba kubwa iliyoko mbele ya boksi ni ya dakika za mwanzo tu. Waandike lumeni inazotoa baada ya nusu saa, tuone kama wataziuza.

Na ikiisha, inazima ghafla. Haina akiba. Taa ya mtu wa kazini inatakiwa ishuke yenyewe hadi mwanga mdogo utakaomfikisha nyumbani. Kitaa cha kuonyesha chaji kimewekwa chini ya mwili wa taa, huwezi kukiona ukiwa umekaa kwenye baiskeli. Kilipita vipi hicho kwenye majaribio?

Kile kitufe kimoja nacho ni balaa. Mtu wa kazini hawezi kuiacha taa kwenye usukani kutwa, itaibwa, kwa hiyo unaitoa na kuitia kwenye begi. Kitufe ni laini na hakina kufuli. Kitabu kinabonyeza, taa inawaka ndani ya begi, na jioni unaitoa ya moto na haina chaji. Hapo utafute pa kuchajia, na waya wake ni wa sumaku wa kampuni yenyewe. USB-C iko kwenye karibu kila simu mpya, wao wameona bora uwe na waya mmoja usiopatikana popote. Kubadilisha mpangilio wa hali za mwanga ni lazima ufungue simu. Mvua inanyesha, glavu mkononi, nifungue simu?

Mvua yenyewe, wameandika IPX4. Hiyo ni kinga ya maji yanayorukia kutoka pande zote, si ya kuzama. Ya kuzama mita 1 kwa dakika 30 ni IPX7. Kwa manyunyu IPX4 inatosha, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kwamba mpira wa kuziba tundu la chaji ulilegea mapema mno.

Sumaku ya kushikia ni nzuri kwenye lami laini. Kwenye njia ya mawe taa inazunguka na kutazama chini kila baada ya mtikisiko. Kitako chake kinaingia kwenye usukani wa milimita 31.8 tu, wenye usukani wa 25.4, ambao umejaa kwenye baiskeli za zamani, wamesahauliwa kabisa. Mkanda wa mpira wa kawaida ungewatosha wote.

Taa ya nyuma inayokuja nayo inabadilika rangi, hadi kijani na bluu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, kifungu cha 44, unataka nyuma ya baiskeli pawe na taa nyekundu na kiakisi chekundu. Dereva akiona nyekundu anajua yuko nyuma ya chombo. Akiona bluu atajua nini?

Wenye taa za mkato zinazotumia betri, naomba msaada. Pigeni picha ya mwanga wake ukutani kutoka mita 5, taa ikiwa kwenye usukani, muweke hapa. Mtaje na muda inaokaa kwenye mwanga wa kati bila kuzima, mliopima wenyewe. Picha za boksi msiniletee.