"Kaeni macho, kaeni macho," ndivyo serikali inavyotuambia kila ugaidi unapotajwa. Macho tumekodoa, sasa tufanye nini?

Jamani, nina hasira, nikikosea tahajia mtanisamehe.

Jana saa tisa mchana king'ora kimelia kwenye jengo la maduka ninakofanya kazi hapa Mombasa. Jengo silitaji, nina watoto wa kulisha. Tuko ghorofa ya pili, wateja kama thalathini, mama mmoja ana mtoto mgongoni. Tukaukimbilia mlango wa dharura. Una kufuli. Na mbele ya kufuli makatoni ya sabuni yamepangwa hadi usawa wa kifua. Kumuuliza bawabu, anajibu ufunguo anao bosi, na bosi kenda Kilindini.

Ikaja kujulikana ni moshi wa jikoni, mtu kaunguza bhajia. Watu wakacheka, wakarudi kwenye biashara zao. Mie usiku sikulala.

Bawabu huyo huyo ndiye anayenipitishia kile kifimbo cha kukagua vyuma kila asubuhi. Kinalia. Haniulizi mfukoni mna nini, kashasema "pita". Miaka yote tangu magaidi walipovamia maduka ya Westgate, Nairobi, mwaka 2013, ulinzi wetu ndio huo: kifimbo kinacholia na mtu asiyesikiliza.

Na serikali nayo ina wimbo mmoja. Ubalozi fulani ukiwatahadharisha raia wake, kesho yake utamsikia mkubwa wetu akilaumu kwamba wageni wanatuharibia utalii, kisha anatugeukia sisi: kaeni macho, toeni taarifa mkiona mtu msiyemwelewa. Basi. Mtu nisiyemwelewa ni yupi? Kwenye feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi simwelewi hata mmoja.

Msinidhanie mtetezi wa balozi. Mwaka 2014 nilikuwa weita kwenye hoteli ya pwani ya kaskazini. Mwezi Mei, baada ya gruneti la Mwembe Tayari, Waingereza wakawaambia watu wao wasije kisiwani Mombasa, wala kilomita 5 kutoka ufuoni, kuanzia mkondo wa Mtwapa hadi Tiwi, ila kwa safari ya lazima. Kampuni za Thomson na First Choice zikawabeba mamia ya wateja wao kuwarudisha kwao, zikafuta safari hadi mwisho wa Oktoba. Mie nilipewa barua ya kuachishwa kazi Juni. Niliwalaani Waingereza mpaka koo likakauka.

Lakini hebu itazameni ile tahadhari. Mgeni wa wiki mbili alipimiwa hatari kwa kilomita, akatajiwa inaanzia wapi na inaishia wapi. Mie niliyezaliwa Kisauni niliambiwa niwe macho.

Tarehe 1 Aprili 2015 Rais Uhuru Kenyatta alizilaumu tahadhari za nje, akasema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Alfajiri ya tarehe 2 magaidi wa al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi cha Recce, makomando wa polisi, kilitoka Nairobi na kuingia kazini jioni, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Utalii tuliokuwa tukiulinda siku ile ni upi?

Watasema wakitoa habari nyingi watu watapata kiwewe. Kiwewe kinatoka kwa kutojua! Siku kumi baada ya Garissa, transfoma ililipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kikuyu. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakajirusha madirishani. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia. Hakukuwa na gaidi hata mmoja. Novemba mwaka ule ule, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, wakafanya zoezi la shambulio na wengi waliokuwemo hawakujua kuwa ni zoezi. Watu wakaruka tena, mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Watoto wa watu wanakufa kwa stima na kwa mazoezi, halafu mnaniambia nisitiwe hofu.

Kuna jamaa atakuja hapa kusema tuwe na ngazi za hatari kama Ulaya. Sawa, ila ngazi peke yake ni pambo. Marekani walianzisha rangi tano mwaka 2002, kijani hadi nyekundu. Haikushuka chini ya manjano hata siku moja, watu wakaizoea kama taa mbovu ya barabarani, mwaka 2011 wakaifuta. Uingereza nao wana ngazi tano na tangu 2006 wanazitangaza, lakini mie ninachowaonea wivu ni yale maneno waliyomfundisha kila mtu: kimbia, jifiche, toa habari. Muuza samaki anaweza kuyashika. Sisi tumefundishwa nini? Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulindana? Mwenyekiti wa mtaa wangu mara ya mwisho kuitisha mkutano ilikuwa mambo ya taka.

Nisiwe mchoyo wa shukrani: hoteli ya DusitD2, Nairobi, iliposhambuliwa Januari 2019, vikosi viliingia haraka, na watu zaidi ya 700 walitolewa. Ukilinganisha na Westgate, ambako askari na wanajeshi walipigana risasi wenyewe kwa wenyewe, walijifunza kitu. Basi wao wamejifunza. Na sisi tulio ndani ya jengo kabla hawajafika?

Sitaki semina hotelini yenye chai na mandazi. Nataka mkaguzi aje bila miadi na ausukume ule mlango kwa mkono wake. Nataka zoezi linalotangazwa wiki moja kabla, kwa Kiswahili, tujue tunashukia ngazi ipi na tunakusanyika wapi.

Nyie kazini kwenu mlango wa dharura unafunguka? Kaujaribuni, mje mseme hapa. Picha za kufuli zinaruhusiwa, majina ya mabosi msiyaweke.

NYONGEZA, saa nane: Nimepita sasa hivi. Makatoni yameondolewa. Kufuli bado lipo.