Tupeane uzoefu: jarida la mitindo la wanafunzi na wabunifu wa mavazi wa Arusha na Moshi

Mwanzisha mada, Njiro

Habari zenu, ndugu zangu wa Arusha na Moshi. Mimi ni mhariri wa jarida la mitindo linaloandaliwa na wanafunzi wa chuo kimoja hapa Arusha. Naomba wale waliowahi kuhariri, kupiga picha, kushona au kuvaa kwa ajili ya jarida la namna hii watueleze yaliyowakuta. Ninachotaka kujua hasa ni jinsi mlivyofanya hadi mwanafunzi akaonekana katika mavazi yaliyo yake kweli, na kama mbunifu wa mtaani alipata kazi yoyote baada ya toleo kutoka.

Naanza na ya kwetu. Jambo tulilobishania kuliko yote katika kamati ni maandishi madogo ya chini ya picha. Wapo walioona kwamba maandishi hayo yanachafua ukurasa na kwamba jina la aliyevaa linatosha. Mimi nilisimama na wale waliotaka kila picha imtaje aliyebuni vazi, aliyelikata na kulishona, mahali kitambaa kiliponunuliwa, gharama ya kushonesha, na namba ya simu ya fundi endapo mwenyewe ameridhia. Mbunifu anayeanza hana duka wala bango barabarani. Ana baraza ya kuazima, cherehani moja na wateja wanaoelekezana kwa mdomo. Picha nzuri isiyomtaja inawapa sifa aliyevaa na aliyepiga, na yeye anabaki pale pale alipokuwa.

Najua yapo majukwaa makubwa. Swahili Fashion Week, ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008, imewafungulia milango wabunifu wengi wachanga, na naiheshimu sana. Hata hivyo inafanyika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na fundi wa Ngarenaro anayelipwa kwa kila nguo anayomaliza hawezi kufunga kazi wiki nzima kwa matumaini ya kuonekana. Jarida la chuo linaweza kumfuata alipo. Ndiyo maana nalipenda kwa moyo wote, na ndiyo maana naumia ninapoona matoleo yaliyojaa nguo za kuagizwa mtandaoni na mikao iliyoigwa kwa watu wa mbali. Karibuni.

Mhitimu, Moshi

Asante dada kwa mada hii. Nilisoma Moshi na nilikuwa katika kamati ya jarida letu hadi nilipohitimu. Toleo ninalolikumbuka zaidi ni lile ambalo tulikataa kabisa kumvisha mtu. Tulibandika tangazo tukiwaomba wanafunzi waje na vazi ambalo wakilivaa wanajisikia kuwa wao, na tukaahidi kwamba hakuna atakayebadilishwa hata kiatu. Baadhi ya wanakamati waliogopa kwamba watakuja watu wenye suruali na fulana zinazofanana. Alikuja kijana mmoja na kanzu ya marehemu baba yake, iliyodariziwa kwa mkono shingoni, mikono yake akiwa ameikunja mara mbili kwa sababu baba alikuwa mrefu kuliko yeye. Alikuja mwingine na sweta lililofumwa na bibi yake kwa nyuzi za rangi zilizobaki katika kazi nyingine, na hakuna mkono uliofanana na mwenzake.

Aliyetushangaza zaidi ni binti aliyekuwa akisomea uhasibu. Alikuwa na mazoea ya kwenda soko la Memorial kuchagua makoti ya mitumba ya wanaume, yale makubwa ambayo wanunuzi wengi huyapita, kisha anayafumua chumbani kwake usiku. Siku ya picha alivaa koti aliloliunda kwa makoti mawili ya kijivu, moja la mistari na jingine lisilo na mistari, akiwa ameyaunganisha katikati ya mgongo. Mifuko ya ndani aliitoa nje, hivyo bitana yake nyekundu ikaonekana kila alipogeuka. Mishono ilikuwa imenyooka na kupigwa pasi kiasi kwamba mwalimu mmoja aliuliza koti hilo linauzwa duka gani. Tulimpa kurasa nne, na tukaeleza hatua kwa hatua jinsi alivyofanya.

Baada ya toleo hilo kutoka, kamati moja ya sendofu ilimtafuta. Walikuwa wamekwisha kununua sare ya kitambaa kimoja kwa wanawake wote wa familia, na walimwomba abuni mshono tofauti kwa kila mmoja kulingana na umri, umbo na namna anavyopenda kuvaa. Bibi alipata gauni pana lenye mifuko, na mdogo wa bibi harusi akapata suruali na kizibao. Nguo zilitoka kwenye jora moja, na bado kila mtu ukumbini alikuwa yeye mwenyewe. Kwa sasa binti huyo ana cherehani mbili na anamlipa msaidizi.

Niongeze la jalada. Mwenzetu mmoja aliyenyoa kipara alichaguliwa kukaa mbele, na sauti zikatoka zikimtaka avae wigi ili jarida lisikataliwe na wasomaji. Tuliwakumbusha kwamba Flaviana Matata alitwaa taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa na kipara, kisha akaingia katika kumi bora za dunia huko Mexico akiwa vivyo hivyo. Jalada lilitoka bila wigi, na lilisomwa.

Fundi cherehani, Majengo, Moshi

Nawasalimu wote, wanangu. Mimi nashona barazani na nimewashonea wanafunzi kwa ajili ya majarida yao, kwa hiyo nitasema ya upande wa cherehani. Kwanza, njooni mapema, tena njooni na kitambaa cha kutosha. Kitenge chenye maua makubwa hakikatwi kama kitambaa kisicho na maua, kwa kuwa lazima usogeze kitambaa hadi ua la kushoto likutane na la kulia kwenye mshono wa mgongo, na hapo kipande kizima kinaweza kupotea. Ukiniletea yadi tatu ukataka gauni refu lenye mikono, nitakushonea, lakini ua litakatika katikati ya kiuno na kamera italiona kabla ya macho yako. Pia kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kikirudi baada ya kufuliwa, vazi lililopendeza kwenye picha halitamwingia mwenyewe.

Pili, nguo ya kuazima ni mali ya mtu. Niliwahi kurudishiwa gauni jeupe likiwa na poda ya uso kwenye kola, na aliyelileta aliona kwamba jina langu kuchapishwa ni malipo tosha. Tangu hapo naomba amana, na vijana wenye nia njema huitoa bila manung'uniko.

La tatu ndilo lililonifurahisha. Picha ilipotoka na jina langu chini yake, akina mama walianza kuja na ukurasa mkononi wakisema, "Nishonee hili hili." Nilimshonea wa kwanza. Kwa waliofuata nilianza kuwauliza wanataka mkono wa namna gani, shingo ipi, na kama wanapenda kuonyesha kiuno au kukificha, na nimeona kwamba mteja aliyeulizwa hurudi. Nina kijana niliyemfundisha kazi ambaye huchora mishono mizuri kunishinda, nami namshinda kukata. Jarida lilituandika wote wawili, yeye kama mbunifu na mimi kama mshonaji, na nawaomba wengine wafuate utaratibu huo, kwani kuna nguo nyingi ambazo kichwa na mikono ni vya watu tofauti.

Mpigapicha, Sakina

Shikamoo mzee wangu wa Majengo. Nazungumzia picha na uchapaji, maana hapo ndipo kazi ya fundi inapoweza kuharibiwa na watu ambao hawajawahi kushika sindano. Jua la saa sita hapa kwetu hukaribia utosi, macho ya anayepigwa huingia kivulini na mikunjo ya nguo hupotea. Sisi hupiga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Mwezi Juni na Julai, mawingu ya Meru yakitanda, mwanga huwa laini na tunaweza kupiga mchana kutwa, ila waliovaa nguo nyepesi wapewe koti kila baada ya pozi.

Rangi ndiyo iliyotutesa zaidi. Tulipiga mavazi yaliyobuniwa kutokana na shuka za Kimasai, na kwenye simu wekundu ulikuwa unawaka. Nakala ya majaribio ilipotoka, wekundu ule ulikuwa umefifia na kuelekea rangi ya matofali. Aliyechapa alitueleza vizuri: kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, na mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne usioweza kufikia baadhi ya rangi zinazong'aa. Tulirekebisha picha kwa kufuata wino na tukachapa tena ukurasa mmoja kabla ya kuruhusu toleo zima. Daini nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile mtakayotumia. Picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi, na mkitumiana kwa WhatsApp mtume kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora.

Mama mtunga shanga, Ngaramtoni

Mimi nina moja tu. Wanafunzi wengi hutuvalia shanga zetu, halafu wanaandika "urembo wa Kimasai" kana kwamba kabila zima lilikaa likatunga mkufu huo. Ushanga mzuri wa kioo tunaununua kwa bei, mwingi ukitoka Jamhuri ya Cheki, na mpangilio wa rangi kwenye mkufu mpana ninaupanga mimi, nikifumua pale ambapo macho yangu hayakuridhika. Mwenzangu tunayekaa naye mkeka mmoja hapangi kama mimi, na anayetujua huona tofauti kutoka mbali. Andikeni jina la aliyetunga.

Mwanafunzi, Kaloleni

Shikamoo mama, na umenena. Nami ninavaa hijabu, na kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiislamu tulikuwa tukiitwa kupigwa picha kwa ajili ya kurasa za sikukuu ya Idi pekee. Nilimwambia mhariri kwamba ninavaa hijabu hata siku ya mtihani. Alielewa mara moja, na toleo lililofuata nilikuwa katika kurasa za mavazi ya kazini, nikiwa na suti ya kitenge iliyobuniwa na jirani yetu, ambaye alitumia mabaki ya kitambaa hicho kupamba ukingo wa mtandio wangu.

Mlezi wa klabu ya wanafunzi, Moshi

Naungana na waliotangulia. Kwa wahariri, ushauri wangu ni kwamba kanuni za mavazi za chuo chenu zisomwe kabla ya siku ya picha, na mpango wa toleo upelekwe kwa mshauri wa wanafunzi mapema. Nimeona kurasa zikiondolewa usiku wa kuamkia kuchapishwa kwa sababu ya bega lililo wazi, na aliyepoteza zaidi alikuwa mbunifu aliyekesha akishona. Kumbukeni pia kwamba jarida linalobanwa pini katikati linakuwa na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Mkipanga 30, mtalazimika kupunguza hadi 28 au kuongeza hadi 32, na kurasa za kupunguzwa mara nyingi huwa za mbunifu asiye na mtetezi katika kamati.

Mwanzisha mada, Njiro

Asanteni sana. Mama wa Ngaramtoni, toleo letu lijalo lina kurasa za shanga, na nimewaomba wenzangu waje mkekani kwako kwanza, ukiridhia, kabla ya kuazima chochote. Mzee wa Majengo, suala la amana na la kutenganisha jina la mbunifu na la mshonaji nimeliingiza katika fomu yetu. Fomu hiyo ina sehemu ya idhini ya anayepigwa picha, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sehemu inayosema kwamba picha na michoro vinabaki mali ya waliovitengeneza, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavilinda. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na fundi anaweza kuisoma akiwa amekaa kwenye cherehani. Mhariri yeyote anayeihitaji anijulishe hapa, nami nitamtumia.